Pombe ya Nyumbani ni ya Nani?
Fikira juu ya akiba ya chupa mu nyumba zetu

Kuna maswali ambayo watu wanauliza kwa kucheka, kumbe ndani yake kuna jambo kubwa. Moja ni hili: mtu mwenye kupenda pombe, inafaa aweke chupa ngapi mu nyumba yake? Mbili? Kazie moja? Kazie tano? Ku meza ya nganda kila mtu ana jibu lake. Mmoja anasema kama nyumba isiyo na chupa hata moja ni nyumba ya mchoyo. Mwingine anasema kama nyumba yenye kazie tano ni nganda iliyokosa kibao.

Sisi walimu tumezoea kuwaambia wanafunzi: kabla ya kuhesabu, jua kwanza unahesabu nini. Na hapa njo vile vile. Kabla ya kuuliza "ngapi", tuulize kwanza "ya nani" na "juu ya nini". Wako wenzetu ambao imani yao inawakataza pombe kabisa, Waislamu na wakristo wa makanisa mengi ya uamsho. Kwao hesabu ni sifuri, na hesabu hiyo ina heshima yake. Maandishi haya yanawaendea wengine, wale ambao pombe iko mu nyumba yao na mu desturi yao, wala hawajajiuliza imefika pale namna gani.

1. Wazee hawakuwa na akiba

Tuanze na kasiksi, pombe ya ndizi ya kwetu Kivu. Kila mtu wa Kabare, Kalehe ao Idjwi anajua kazi yake. Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa mbichi, zinafunikwa mu shimo pamoja na majani ya mgomba na joto la moto, zinakaa siku tatu, nne, mpaka zinaiva. Kisha zinamenywa, zinakandwa pamoja na majani makavu, maji matamu yanatoka. Yanachujwa, yanawekwa mu chombo kirefu cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, yanapata unga wa mtama uliokaangwa, na yanaachwa yachachuke siku moja, mbili, ao tatu.

Halafu? Halafu lazima kunywa. Kasiksi haingoji mtu. Leo ni tamu, kesho ni kali, siku chache mbele imekuwa siki, na hata mlevi wa mtaa anaikataa. Kwa hiyo mzee wa zamani, hata kama alikuwa tajiri wa migomba, hakuweza kuweka akiba ya pombe. Akiba yake ilikuwa shamba. Pombe yenyewe ilikuwa kama habari: ikishapatikana, inaenda kwa watu siku ile ile.

Na tena, haikuweza kufichwa. Ndizi zikikandwa, harufu inafika kwa jirani mbele ya mwito. Watoto wanazunguka kutafuta maji matamu. Mtu aliyekanda kasiksi na asiite jirani alijulikana, na jina lake lilitajwa mpaka mavuno mengine. Wageni walikaa kuzunguka mtungi mmoja, mrija ukapita kwa huyu na kwa yule, na mwenye nyumba alionja wa kwanza, ili kila mtu aone kama hakuna ubaya ndani. Kuonja kule kulikuwa kama kiapo: kinachoingia mu tumbo lako kimeingia kwanza mu tumbo langu.

Tusidanganyane kwa kusema kama zamani yote ilikuwa nzuri. Walevi walikuwako, ugomvi ulikuwako, wanawake walipigwa. Lakini angalia jambo moja: ukarimu wa wazee haukutoka mu roho yao peke yake. Pombe yenyewe iliwasaidia kuwa wakarimu, juu haikukubali kulala.

2. Chupa ilibadilisha nini

Kiwanda ambacho tunakiita leo Bralima kilianzishwa 1923 kule Léopoldville, ambayo ni Kinshasa ya leo, na kikafika kutengeneza pombe yake mu miaka ile ya 1920. Nyuma yake viwanda vilifika mu miji mingine, na Bukavu ilipata chake. Katanga nao wana Simba na Tembo yao. Kabla ya hapo, kule Ulaya, Louis Pasteur alikuwa amechapisha 1876 kitabu chake juu ya pombe na vidudu vinavyoiharibisha. Kutokana na utafiti wake watu walijifunza kupasha pombe moto kidogo ili isiharibike upesi. Chupa ya kioo, kifuniko cha chuma, na moto ule: hivyo vitatu njo vimeleta jambo ambalo wazee hawakulijua. Pombe inaweza kungoja.

Na ikishaweza kungoja, inaweza pia kufichwa. Chupa yenye kufungwa haina harufu. Kazie inaweza kukaa chini ya kitanda mwezi mzima, na jirani asijue. Mgeni anafika, anakaa, anaongea, koo limekauka, na mwenye nyumba anamwambia: "Yaya, leo tumekosa, hakuna kitu." Uongo ule mdogo haukuwezekana mbele ya mtungi wa kasiksi. Ni kifuniko cha chuma kilichouwezesha.

Hapa njo swali letu linakuwa swali la maadili ya kweli. Zamani pombe iliyokuwa nyumbani ilikuwa ya watu, na mtu aliipata kwa njia ya watu. Leo inaweza kuwa ya mtu mmoja. Hatukupiga kura juu ya mabadiliko hayo, na hakuna mzee aliyetufundisha namna ya kuishi nayo.

3. Wanaweka ngapi, na juu ya nini

Tukiangalia mitaa yetu, tunaona wapenzi wa pombe wa namna nyingi. Kuna mwenye chupa mbili ama tatu mu frigo, na hazigusi mpaka mgeni afike. Kuna mwenye kazie moja ya chupa 12, anairudisha kwa depo ikiwa tupu na kuchukua nyingine yenye kujaa. Kuna mwenye kazie tatu, nne, zimepangwa mu chumba cha nyuma. Na kuna yule ambaye hana chupa hata moja yenye kujaa, lakini ana kazie tupu anazolinda kama ng'ombe, juu bila chupa tupu depo itamwomba pesa za chupa pia.

Ukiwauliza sababu, wanatoa nyingi, na nyingi ni za haki.

Ya kwanza ni mgeni. Mkwe anaweza kufika bila kuandika barua. Wazee wa jamaa wanaweza kuja kuongea juu ya mali ya bibi arusi. Kifo kinaweza kuingia usiku, na asubuhi watu wamejaa ku kilio. Nyumba yenye kitu inapokea watu bila kukimbia kukopa.

Ya pili ni usalama. Mu miji yetu ya mashariki, mtu mwenye akili hatembei saa nne za usiku juu ya kutafuta chupa moja. Anayekunywa nyumbani, karibu na mlango wake, hakutani na mtu mwenye silaha mu njia.

Ya tatu ni feza. Wanafunzi wangu wanacheka nikiwaambia habari hii, lakini ni historia. Mwezi wa 12, 1979, serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10, na wengi waliokuwa wameficha noti nyumbani walibaki na karatasi. 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. 1998, franga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mtu aliyeishi hayo yote alijifunza kama kitu ni bora kuliko noti. Mfuko wa chumvi, bati, kazie ya pombe: hivyo havilali na bei moja na kuamka na nyingine ya chini. Ukimwona mzee mwenye kazie mingi, usiseme haraka "mlevi". Pengine ni mtu ambaye benki yake ilikufa.

Ya ine ni ukosefu. Wakati vita vilipofika Bukavu, mwezi wa pili 2025, ghala za kiwanda cha pombe ziliporwa, na mu mwezi wa sita mwaka ule Heineken, wenye Bralima wakati ule, walitangaza kama wamepoteza uongozi wa shughuli zao mu sehemu ile. Mtu aliyeona barabara zikifungwa na depo zikibaki wazi ndani anajifunza kuweka. Lakini tukumbuke pia: katika siku kama zile, hata unga na dawa vilikosa. Mtu anayeweka anaonyesha kwa vitu anavyoweka ni nini anachoogopa kukosa.

Ya tano ni biashara. Kivu hii, watoto wengi walisoma kwa kasiksi na kwa chupa ambazo mama zao waliuza ku mlango wa nyumba. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali inaitwa ya bure, lakini sekondari mzazi bado analipa. Kazie za mama yule hazihukumiwi pamoja na kazie za mtu anayekunywa. Kwake chupa ni kitabu cha mtoto.

Na ya sita ni mapendo yenyewe. Kuna watu wanaopenda pombe kama vile wengine wanapenda muziki. Wabeljiji, waliotuletea kiwanda, wana desturi hiyo kwa nguvu. Mapokeo yao ya pombe yaliingia 2016 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa mataifa, sawa vile rumba yetu iliingia 2021. Wapenzi wa kule wanaweka mu pango la chini ya nyumba chupa makumi, wengine mamia, za pombe nzito na za pombe chachu iitwayo gueuze, wanaziacha miaka, wanaonja namna ladha inageuka. Lakini hata kule kuna mpaka. Watawa wa Westvleteren, ambao pombe yao inatafutwa sana, wanaweka hesabu ya kazie ambazo mnunuzi mmoja anaweza kuchukua, na wanamwomba asiende kuziuza tena. Wenye kutengeneza wenyewe wameona kama kitu kizuri, kikikusanywa na mmoja, kinaacha kuwa kizuri kwa wengine.

4. Pombe yenyewe inasema nini

Mtu anaweza kusema: basi na mimi nitaweka kazie kumi za Primus, nizionje kidogo kidogo kama Mbeljiji. Hapo kazi yake itamwangusha. Pombe nyepesi kama hizi zetu hazikutengenezwa ili zizeeke. Ni nzuri zikiwa mpya, na ndiyo sababu tarehe imeandikwa ku chupa. Miezi ikipita, ladha inaanza kuwa kama karatasi yenye kulowa maji. Mwangaza wa jua unaharibisha ile houblon inayoleta uchungu, na harufu mbaya inatoka. Chupa ya rangi ya kahawia inakinga vizuri kuliko ya kijani ao nyeupe. Joto pia linaizeesha upesi: kazie itavumilia zaidi mu baridi ya Bukavu kuliko mu jua la Uvira. Na frigo zetu, kila mtu anazijua: umeme unakwenda, unarudi, chupa inapata baridi na joto mara tatu mu siku moja.

Kwa hiyo, kwa ladha peke yake, akiba kubwa ya pombe ya kwetu haina maana. Mwenye kuipenda kweli ataweka kidogo, mu giza, chupa zikiwa zimesimama, na atazinywa na watu mbele ya tarehe. Angalia namna chupa ya kisasa, nyuma ya safari ndefu, inarudia fundisho la kasiksi: mimi nilitengenezwa ili ninywewe na watu, na siyo ili nihesabiwe.

5. Kipimo ni nini?

Mwanafilozofia Aristote alifundisha kama wema uko katikati, kati ya kuzidi na kupungua. Wanafunzi wengi wanaandika hayo mu kayé na wanafikiri kama katikati ni hesabu: kati ya 2 na 10 ni 6, basi. Kumbe Aristote mwenyewe alikataa hesabu hiyo. Alitoa mfano wa chakula: kile kisichomtosha Milo, mpiga-mieleka hodari, kinaweza kuwa kingi sana kwa mtu anayeanza mazoezi. Katikati yetu inategemea sisi ni nani, na kazi yetu ni gani.

Tuchukue kazie moja ya chupa 12 za sentilita 72. Ni lita 8 na zaidi ya nusu. Mwenye kunywa chupa mbili kila jioni ataimaliza kwa siku 6, na mu mwezi atahitaji kazie 5. Mwenye kuifungua kila siku ya Mungu tu, chupa moja kwake na mbili kwa wageni wawili, ataimaliza kwa wiki 4. Kazie ni ile ile, chumba ni kile kile, lakini ile moja ni desturi ya kupokea watu, na ile nyingine imeanza kuwa kamba ku shingo. Ukiingia na kuhesabu chupa tu, hutaona tofauti. Tofauti iko mu jibu la swali: zinakwisha na nani?

Na mwili nao una hesabu yake. Chupa moja ya namna ile, yenye kileo asilimia 5, ina gramu karibu 28 za kileo. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilisema wazi 2023 kama hakuna kiasi cha pombe ambacho tunaweza kukiita salama kabisa kwa afya. Hiyo haimaanishi kama kila mwenye kunywa atakufa kesho. Inamaanisha kama hatuna ruhusa ya kujidanganya kwa kusema "hii ni chakula". Tena pombe ikiwa karibu, mkono unaifikia bila kufikiri. Safari ya kwenda nganda ilikuwa kizuizi kidogo: viatu, mvua, aibu ya kuonekana. Mwenye akiba nyumbani ameondoa vizuizi hivyo vyote, amebaki na kimoja tu, nafsi yake. Ajue basi kama nafsi ile ni mlinzi wa namna gani.

Kuna pia macho ya watoto. Mtoto anayekua kati ya kazie anajifunza somo ambalo hatukuliandika ubaoni. Akiona baba anafungua chupa mgeni anapofika, anajifunza kama pombe ni ya kupokea watu. Akiona baba anafungua kila mara anapokasirika, anajifunza kama pombe ni dawa ya hasira. Siku akifika kwake na kukasirika, atatafuta dawa ile.

6. "Pombe yangu, feza yangu"

Najua jibu la wengine: "Mwalimu, mimi nimetumika, nimelipwa, nimenunua. Juu ya nini nijieleze?" Neno hilo lina nguvu, na hatuwezi kulitupa. Kweli, mtu ana haki ya kufunga mlango wake. Wako pia wageni wanaogeuza ukarimu kuwa kodi, wanaofika kila jioni saa ile ile wakisikia mlio wa kifuniko. Mwenye kuficha chupa mbili juu ya kuwakwepa watu wa namna ile si mtu mbaya. Wazee wenyewe walijua kumwonyesha mnywaji wa bure njia ya kwao.

Lakini tufuate neno hilo mpaka mwisho. Feza unayosema "yangu", mu nyumba yenye bibi na watoto sita, ni ya nani? Kama kazie ilinunuliwa na mtoto amefukuzwa shuleni juu ya minerval, pombe ile haikununuliwa na feza yako. Imenunuliwa na siku za masomo za mtoto. Sisi wenye kusimama mbele ya darasa tunaona viti vyenye kubaki bure, na mara mingine tunajua sababu.

Na kuna kosa la upande mwingine, ambalo tunalisifu bila haya: yule anayekopa ili aweke kazie mbele ya wageni, wasije wakasema ni maskini. Huyu anapendwa kuliko mchoyo, lakini wote wawili wamekosa jambo moja. Mchoyo ameweka pombe mahali pa watu. Mwenye kujionyesha ameweka sifa mahali pa watu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemtazama mgeni mwenyewe.

7. Kwa kumaliza

Tukirudi ku swali la kwanza, chupa ngapi, jibu langu si namba. Ninapendekeza kwa kila mwenye nyumba maswali matatu. Moja: ninaweza kutaja majina ya watu ambao nimewawekea hizi chupa? Kama jina ni langu peke yangu, nipunguze. Mbili: bibi yangu anajua hesabu yake, na anaikubali bila woga? Kama ninaificha kwake, tayari nimejihukumu. Tatu: mgeni wa kweli akigonga leo, nitaweza kuonja wa kwanza mbele yake na kumpa, bila kuangalia ku mlango wa chumba cha nyuma?

Mwenye kujibu maswali hayo kwa uso mweupe, awe na chupa mbili ama kazie mbili, nyumba yake iko sawa. Na ambaye hawezi, hata chupa moja chini ya kitanda ni nyingi.

Tunawafundisha vijana wetu ngoma, hadisi, na majina ya mababu, na tunafanya vizuri. Tuwafundishe na hili: babu zao hawakuwa na frigo, na ndiyo maana pombe yao ilikuwa na wenyewe wengi. Sisi tuna frigo. Kitu ambacho wazee walifanya kwa kulazimishwa na siki, sisi tunapaswa kukifanya kwa kupenda. Ni kigumu zaidi, lakini ni kazi ya watu wenye uhuru.